Chini ya Jangwa Kuna Maji, Mbona Watu Bado Wana Kiu?

Simama katikati ya mto wa msimu kiangazi kikiwa kimekolea. Maji huyaoni. Ni mchanga tu, mweupe, wa moto, umetanda kutoka ukingo huu hadi ule. Anakuja mama na jembe na dumu. Anachimba shimo la kina cha mkono, anachuchumaa na kungoja. Mchanga wa chini ni mweusi kwa unyevu. Polepole maji yanachuruzika kutoka ubavuni mwa shimo. Ya kwanza ni tope. Anayakumba na kuyamwaga, yanarudi, anayamwaga tena, mpaka yaje maangavu. Hapo ndipo anaanza kuteka, kikombe kwa kikombe. Hatua mia mbili mbele yake lori limeegeshwa mtoni humohumo, na vijana wanapakia mchanga kwa mabeleshi, uende mjini ukajengee.

Kisheria, katika nchi nyingi, anachoteka mama ni maji na wanachopakia vijana ni madini ya ujenzi. Kila kimoja kina ofisi yake, kibali chake na ada yake. Mtoni mambo hayako hivyo. Mchanga ule ndio tangi la yale maji. Ukizolewa wote, mvua ijayo itateleza juu ya mwamba mtupu na kupita zake, na shimo la mama litabaki shimo.

Nimeanza na mto huu kwa sababu mkanganyiko mwingi kuhusu utajiri wa nchi kame unaanzia hapo. Habari moja inatangaza kwamba bahari ya maji imegunduliwa chini ya jangwa, na wasomaji wanauliza kwa haki kabisa: kama maji ni mengi hivyo, mbona bado wenyeji wanatembea nusu siku na madumu? Habari nyingine inasema migodi ya madini ya betri inakausha jangwa, na mwingine anajibu kwamba mgodi ule unavuta maji ya chumvi yasiyonyweka, sasa lawama ni za nini? Ubishi unawaka, kila mtu ameshika kipande cha ukweli, na hakuna anayemsikia mwenzake. Tuyafumbue moja baada ya jingine.

Ukame ni hesabu ya kuingia na kutoka

Watu wengi hudhani nchi kame ni ile yenye mvua kidogo. Hiyo ni nusu ya habari. Wataalamu huchukua mvua ya mwaka na kuigawanya kwa kiasi cha maji ambacho jua, joto na upepo vingeweza kukikausha kama maji yangekuwapo. Jibu likiwa chini ya 0.65, eneo huhesabiwa kuwa kavu. Likiwa kati ya 0.05 na 0.20, hapo ndipo kwenye ukame hasa, na chini ya 0.05 ni jangwa la kupindukia. Maeneo makavu kwa ujumla ni takriban asilimia 40 ya nchi kavu ya dunia, na watu zaidi ya bilioni 2 wanaishi humo.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa maji katika nchi kame ni mvukizo. Bwawa pana lililo wazi juani ni kama sufuria pana juu ya moto. Mkataba wa maji ya Nili wa 1959 kati ya Misri na Sudan ulilitambua hilo waziwazi: katika mita za ujazo bilioni 84 za wastani wa mwaka, Misri ilipewa 55.5, Sudan 18.5, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa zitapotea katika ziwa la bwawa la Aswan. Bilioni 10, kila mwaka, zinapanda hewani. Nchi nyingi haziwahi kuwa na maji kiasi hicho kabisa.

Ndiyo maana mchanga wa mtoni ni wa thamani kuliko unavyoonekana. Maji yakishazama ndani yake kupita kimo cha goti, jua haliyapati kirahisi. Ukambani nchini Kenya, wakazi wamejenga kuta fupi za zege kukatiza mito ya msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga. Hayo ndiyo mabwawa ya mchanga. Na ni hukohuko, Makueni, ambako kaunti ilitunga sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015, kwa sababu malori yalikuwa yakiondoka na matangi.

Akwifa si ziwa la chini

Sasa tushuke zaidi. Neno utakalolikuta katika taarifa ni akwifa. Maana yake ni tabaka la mwamba, changarawe au mchanga lenye nafasi za kuhifadhi maji na njia za kuyapitisha. Si ziwa lililofunikwa, wala si mto unaonguruma gizani, ingawa michoro ya magazetini hupenda kuuonyesha hivyo.

Chukua ndoo, ijaze mchanga hadi pomoni. Imejaa, sivyo? Mwagie maji: itameza karibu theluthi moja ya ujazo wake kabla haijafurika. Sasa jaribu kuyatoa maji yale yote. Hutaweza, mengine yamenata kwenye chembe za mchanga. Rudia zoezi kwa udongo wa mfinyanzi. Utashangaa, mfinyanzi unaweza kubeba maji mengi kuliko mchanga, ila hauyaachii. Na ukichukua jiwe gumu lenye nyufa, maji yatakaa kwenye nyufa tu, kama yanavyokaa kwenye ufa wa sahani. Ndiyo sababu kisima kimoja kinabubujika na cha jirani, hatua hamsini tu kutoka pale, kinatoa vumbi: mmoja aliukuta ufa, mwingine akaukosa.

Kwa hiyo mtu akikutajia ukubwa wa akwifa, bado hajakwambia kitu cha kutosha. Kuna maswali mengine mawili, na kwangu mimi ndiyo yanayoamua kila kitu: yanarudi kwa kasi gani, na ndani yake mna nini?

Fikiria akiba na mshahara. Mtu anaweza kurithi akiba kubwa na asiwe na mshahara hata shilingi moja. Ataishi vizuri kwa muda, na kila siku atakuwa maskini zaidi kuliko jana. Akwifa nyingi za jangwani ziko hivyo. Akwifa ya mawe-mchanga ya Nubia, iliyo chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad, ni miongoni mwa akiba kubwa kabisa za maji duniani, lakini sehemu kubwa ya maji yake iliingia zamani, Sahara ilipokuwa na mvua. Vipimo vya umri vimeonyesha kwamba baadhi ya maji hayo yamekaa chini kwa mamia ya maelfu ya miaka. Wataalamu huyaita maji ya kale. Libya iliyachimba kusini na kuyasafirisha kwa mabomba makubwa hadi pwani; Benghazi ilianza kuyapata mwaka 1991 na Tripoli mwaka 1996. Miji ikanywa. Lakini mrithi huyo hana mshahara.

Saudi Arabia ilitoa funzo lililo ghali zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 ililima ngano jangwani kwa maji ya kale, ikafikia hatua ya kuuza ngano nje. Mwaka 2008 serikali yenyewe iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua, na kufikia 2016 mpango huo ukafungwa. Ngano inaweza kununuliwa kwingine. Maji yaliyoiotesha hayakununuliwa popote.

Yaliyotokea Turkana

Mfano ulio karibu na wasomaji wengi wa Kiswahili ni Turkana. Machi 2012 Kenya ilitangaza kupatikana kwa mafuta katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar. Miezi 18 baadaye, Septemba 2013, serikali pamoja na UNESCO wakatangaza kwamba picha za satelaiti na rada, pamoja na visima vya majaribio, zimeonyesha akwifa kubwa katika bonde la Lotikipi na nyingine ndogo karibu na Lodwar. Takwimu iliyoshika vichwa vya habari ilikuwa mita za ujazo bilioni 250. Ilisemwa kwamba maji hayo yangeitosha nchi nzima kwa miongo. Hebu jiweke mahali pa mchungaji anayesikia redioni kwamba chini ya miguu yake kuna mafuta na kuna bahari. Nani asingeshangilia?

Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji yaliyochimbwa Lotikipi yana chumvi iliyopita kiwango cha kunywa. Hapo ndipo watu wengine walipohitimisha kwamba walidanganywa. Sidhani. Kilichotokea ni kwamba swali moja lilijibiwa na mawili yakarukwa. Rada inaweza kuonyesha dalili za mahali penye maji. Haiwezi kuyaonja. Ule mwamba mdogo wa Lodwar, usiopata sifa, ndio unaohudumia mji, kwa sababu mto Turkwel unapita juu yake na kuulisha. Una mshahara.

Na mafuta? Mafuta nayo yanataka maji. Ili yasukumwe kutoka mwambani, maji hudungwa ardhini kuongeza shinikizo, na mpango uliochorwa kwa ajili ya Lokichar ulikuwa kuyaleta kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel. Rasilimali mbili zilizotangazwa kama baraka mbili zikageuka kuwa hesabu moja: lita inayokwenda kisimani cha mafuta imetoka kwenye mto uleule unaoulisha mwamba wa Lodwar na mashamba ya kandokando.

Chumvi inatoka wapi?

Chemsha maji ya bomba kwenye sufuria hadi yakauke, kisha tazama chini. Kuna utando mweupe. Maji ya mvua hukwangua madini kidogo kidogo kutoka kwenye miamba yanapopita. Penye mito inayofika baharini, madini hayo huondoka nayo. Lakini nchi kame nyingi zina mabonde yaliyozibwa, yasiyo na mlango wa kutokea. Maji yanaingia, jua linayachukua, madini yanabaki. Rudia hivyo kwa maelfu na maelfu ya miaka. Matokeo yake ni sufuria kubwa ajabu yenye utando mnene.

Anayeijua Magadi au Natron tayari anajua nusu ya habari hii. Magadi ya kupikia na ya viwandani yanayotoka huko ni chumvi hizo za bonde lililozibwa, na shughuli ya kuyavuna katika ziwa Magadi ina zaidi ya miaka mia. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa nayo hufanya maji ya visima vingi vya huko yawe na floraidi nyingi, madini ambayo kidogo yake hayadhuru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na inapozidi sana kwa muda mrefu meno yanabadilika rangi na mifupa inaumia.

Kumbe basi, kitu kimoja kinafanya mambo mawili. Ukame unaotunyima maji ya kunywa ndio huohuo uliokusanya madini. Wanaouliza kwa nini madini fulani yanapatikana mahali pasipo na maji wanauliza swali lenye jibu ndani yake.

Atacama na lithiamu

Kaskazini mwa Chile, mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kuna uwanda wa chumvi uitwao Salar de Atacama. Upande wa mashariki ni milima ya Andes. Theluji na mvua za milimani huzama ardhini, hushuka polepole chini kwa chini hadi bondeni, na huko jua huzimaliza. Chini ya ganda la chumvi mna maji chumvi mazito, kila lita ikibeba zaidi ya gramu 300 za chumvi. Maji ya bahari yana kama 35 tu. Katika chumvi hizo imo lithiamu, ile inayotumika kwenye betri za simu na magari ya umeme: kwa makadirio, gramu 2 hivi kwa lita.

Uvunaji wake ni rahisi kuueleza. Pampu inavuta maji chumvi hadi kwenye vidimbwi vipana, vya rangi ya samawati na kijani kibichi, na jua linafanya kazi kwa mwaka mmoja au zaidi. Chumvi nyingine zinaganda na kuondolewa, lithiamu inazidi kukolea, kisha inasafirishwa kiwandani karibu na Antofagasta. Hakuna moto wala mashine za kusaga mawe. Wenye viwanda wanaisifu njia hii kwa kutumia nguvu ya jua, na kweli inaitumia.

Lakini piga hesabu. Tani moja ni gramu milioni moja. Kwa gramu 2 kwa lita, hata kama hakuna hata tone la lithiamu linalopotea njiani, tani moja ya lithiamu tupu inataka lita nusu milioni za maji chumvi. Kwa kuwa nyingi hupotea, ni zaidi ya hapo. Na karibu yote yanapanda hewani.

Hapa pana kauli mbili zinazopigana, na zote mbili zinapotosha. Ya kwanza inasema kila tani ya lithiamu imeiba maelfu ya malita ya maji ya kunywa. Si hivyo. Maji chumvi yale hayanyweki, hayamwagilii shamba, na kuyasafisha yawe ya kunywa kungekuwa kazi ya bure. Migodi hutumia pia maji matamu, na hayo yahesabiwe peke yake, lakini kuchanganya hesabu hizi mbili kunawapa wenye migodi nafasi rahisi ya kukanusha yote.

Kauli ya pili inasema maji chumvi si maji, ni madini tu, kwa hiyo kuyavuta hakumgusi mtu. Sheria za Chile zimeyatazama kwa jicho hilo kwa muda mrefu: lithiamu imehifadhiwa kwa dola tangu 1979, na maji chumvi yanasimamiwa kama madini, nje ya mfumo wa haki za maji. Lakini mwamba haujatenganishwa na ukuta. Maji matamu yanayoshuka kutoka Andes ni mepesi kuliko maji chumvi. Yakifika ukingoni mwa salar, yanashindwa kupenya chini yake, yanapanda juu ya mgongo wake na kuchomoza kama vidimbwi na mbuga ndogo za nyasi. Hapo ndipo mifugo hulishwa na wenyeji wa jamii ya Lickanantay, na hapo heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, hula na kutaga. Ukiushusha mgongo wa maji chumvi katikati ya bonde, ule unaoyainua maji matamu pembeni unaweza kushuka pia. Je, kwa kiasi gani, na baada ya miaka mingapi? Hilo ndilo wanasayansi wanalobishania kwa haki, maana maji ya chini husafiri polepole sana na athari ya leo inaweza kuonekana baada ya miongo. Utafiti wa picha za satelaiti uliotolewa 2024 ulionyesha kwamba sehemu ya uwanda inayovutwa maji inadidimia kwa sentimita 1 hadi 2 kwa mwaka.

Njia mpya zipo. Badala ya kukausha, maji chumvi hupitishwa kwenye vichujio maalumu vinavyonasa lithiamu, kisha yaliyobaki hurudishwa ardhini. Zinatia matumaini, lakini nyingi hutaka maji matamu ya kusafishia vichujio, na kurudisha maji mahali pasipofaa kunaweza kuichujusha lithiamu ambayo haijavunwa bado.

Migodi ya mawe

Migodi ya shaba, dhahabu na urani ina tabia nyingine. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji yanaingia, na lazima yavutwe usiku na mchana ili watu na mitambo wafanye kazi pakavu. Chota uji mzito katikati ya bakuli: panatokea bonde, na uji wa pembeni unateremka kulijaza. Ndivyo maji ya visima vya jirani yanavyoteremka kuelekea mgodini, hata kama mgodi haujagusa kisima cha mtu yeyote.

Kisha kuna maji ya kuchenjulia. Mwamba wa shaba unaochimbwa siku hizi mara nyingi una shaba chini ya asilimia 1. Tani nzima ya mawe haitoi hata kilo 10. Mawe yanasagwa hadi yawe unga, yanachanganywa na maji na kemikali, mapovu yanapandisha chembe za shaba, zinaenguliwa na kukaushwa. Hayo ndiyo makinikia. Yaliyobaki, ambayo ndiyo karibu yote, yanakwenda bwawani yakiwa tope. Katika nchi kame tope hilo ndilo mwizi mkubwa wa maji mgodini, kwa sababu maji yananaswa humo na jua linayamaliza. Dawa yake inajulikana: kulikamua tope kwa mashinikizo kama mtu anavyokamua chicha, maji yarudi kiwandani, na kirundikwe kilichokauka. Ni ghali zaidi mwanzoni. Pia ni salama zaidi, na sisi tuna sababu ya kulijali hilo: Novemba 2022 kingo za bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, zilipasuka, na tope likatapakaa mashambani na kwenye makazi.

Usikubali kuambiwa kwamba pasipo mvua hapana uchafuzi. Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na unyevu hutengeneza tindikali, na tindikali huyeyusha metali. Kiangazi chumvi hizo hujikusanya juu ya vifusi kimyakimya. Mvua kubwa ya kwanza huzisomba zote kwa siku moja.

Kuhusu nani hutumia maji mengi zaidi, kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji matamu yanayotekwa duniani. Migodi huchukua sehemu ndogo. Ni kweli, na ni faraja isiyo na maana kwa kijiji ambacho mgodi umekaa juu ya chemchemi yake ya pekee.

Tuchimbe zaidi, au tulete ya baharini?

Suluhisho la haraka linalotajwa ni kuchimba kwenda chini zaidi. Wakati mwingine husaidia. Lakini kadiri unavyoshuka, mara nyingi maji yanazidi kuwa ya chumvi na ya moto, na gharama ya kuyapandisha inaongezeka. Kisha kuna jambo ambalo wafugaji wanalijua kuliko wahandisi: kisima kikitoa maji mwaka mzima, mifugo haiondoki tena. Malisho ya kuzunguka yanaisha, ardhi inakanyagwa ikawa sakafu, na ng'ombe wanakufa kwa njaa kando ya maji.

Suluhisho la pili ni kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Mgodi wa shaba wa Escondida nchini Chile umefanya hivyo: mtambo ufukweni unazalisha lita 2,500 kwa sekunde na maji yanasukumwa hadi zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Kutoa chumvi kwenye mita moja ya ujazo kunataka uniti 3 au 4 za umeme. Kuipandisha mita 3,000 kunataka zaidi ya uniti 8, hata kama pampu haipotezi chochote. Mlima ni ghali kuliko chumvi. Anayeweza kulipa ni mwenye shaba ya kuuza. Mkulima wa mahindi hawezi.

Hata hivyo Namibia imetuonyesha kitu cha kupendeza. Mwaka 2010 mtambo wa kuondoa chumvi ulizinduliwa pwani ya Erongo kwa ajili ya mgodi wa urani wa Trekkopje, ukiwa na uwezo wa mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya 2011 ikaangusha bei ya urani, mgodi ukasimamishwa. Mtambo ukabaki, na maji yake yakaelekezwa kwenye migodi mingine na miji ya pwani. Nchi hiyohiyo, katika mji mkuu Windhoek, imekuwa ikisafisha majitaka kuwa maji ya kunywa tangu 1968. Wanaoona kinyaa wakumbuke kwamba maji yale hupimwa kwa uangalifu ambao mito mingi haijawahi kuupata.

Ni ya nani?

Kenya, Sheria ya Maji ya 2016 inaweka kila chanzo cha maji mikononi mwa serikali kuu kwa dhamana ya wananchi. Sheria ya Madini ya mwaka huohuo inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali. Kwa mafuta, sheria ya 2019 inatoa 75, 20 na 5. Chile ilikwenda njia nyingine: kanuni ya 1981 ilifanya haki ya maji kuwa mali inayoweza kuuzwa na kununuliwa, mpaka marekebisho ya 2022 yalipotanguliza matumizi ya binadamu na kuzipa haki mpya ukomo wa miaka 30.

Angalia kinachokosekana katika mgawanyo wa mrabaha. Asilimia zinahesabu thamani ya madini yaliyotoka. Hakuna safu ya maji yaliyoondoka nayo. Jamii inaweza kulipwa sehemu yake kwa ukamilifu na bado ikapoteza, kwa sababu fedha zinakuja kila mwaka mgodi unapofanya kazi, na kisima kinaweza kukauka miaka ishirini baada ya mgodi kufungwa. Kwa maoni yangu leseni ya kuchimba na kibali cha maji katika nchi kame vingesainiwa mezani pamoja, na tathmini ya athari kwa mazingira ihesabu hadi kisima cha mwisho cha bonde, isiishie kwenye uzio wa mgodi.

Hayo yote yanategemea kazi moja ndogo isiyo na sherehe. Kando ya migodi kuna mabomba membamba yaliyosimikwa ardhini, visima vya uangalizi. Mpimaji anafungua kifuniko, anateremsha utepe wenye kihisio kwenye ncha, na kikigusa maji kinalia. Anasoma alama mdomoni mwa bomba, tuseme mita 31 na sentimita 42, anaandika tarehe. Mwezi ujao anarudi. Daftari la miaka kumi la kisima kimoja linamaliza ubishi ambao hotuba mia haziwezi kuumaliza, ila mara nyingi daftari hilo liko ofisini kwa kampuni. Atacama, jumuiya za wenyeji kupitia baraza lao zimeunda kitengo chao cha mazingira, na watu wao wanakwenda wenyewe kwenye visima na vidimbwi na vifaa vyao vya kupimia. Kampuni inaandika yake, wao wanaandika yao, na tarakimu zikipishana kila upande una karatasi ya kuweka mezani.